Soko Tulilolipamba Kila Mgeni Alipokuja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Margareth, Meya wa mji rafiki wetu huko Marekani. Viongozi wa mtaa. Wazee wetu, shikamooni. Na wewe Laurean, mkalimani wetu, tunakuomba usiongeze sukari. Tutakayosema ni machungu, na yamfikie machungu.

KARIBU

Karibu Mbwawa, kwenye soko mlilotuchangia kujenga. Umeliona: paa jekundu, meza za vigae, bomba lenye maji. Juu ya meza hakuna hata ndimu. Hatukusahau kwamba unakuja. Tumeamua.

TULIKOTOKA

Zamani tuliuza kando ya barabara kuu. Mwenzetu Bi Kudra alikuwa na kibanda cha makuti na beseni la mananasi. Basi la mikoani likisimama, sisi tulikimbilia madirishani, yeye hakukimbia. Alikata kipande, akakichoma kwa ncha ya kisu, akakiinua dirishani. "Onja kwanza, mwanangu. Likiwa kali, nenda zako." Walioonja walimtafuta hata safari ya kurudi. Kwa mananasi hayo aliezeka nyumba yake bati na hakuwahi kumpigia mtu hodi kuomba unga.

Akaja Bwana Telesphory, mratibu wa mradi, na ramani yake. Akasema biashara ya barabarani ni ya hatari na inautia mji aibu. Vibanda vikavunjwa, tukaletwa huku nyuma ya mikorosho, ambako basi halifiki na wapita njia wengi ni mbuzi. Siku hiyo Bi Kudra aliuliza, "Na wanunuzi mmewaambia tumehama?" Watu wakacheka. Bwana Telesphory naye akacheka, akakunja ramani.

MAFANIKIO

Tumeagizwa kwamba risala lazima iwe na mafanikio. Choo ni kisafi, maana hakina watu. Popo wamepata makazi. Na sisi tumekuwa mabingwa wa kudanganya wageni.

Hili la mwisho ni kosa letu. Tumelelewa kwamba mgeni hutandikiwa mkeka mpya, na njaa ya nyumbani haonyeshwi. Kila wageni wa mradi walipokuja tuliazima machungwa kwa jamaa zetu wa Kisarawe, tukafunika meza kwa khanga, tukanunuliana wenyewe kwa wenyewe huku wanapiga picha. Walipoondoka, tulirudisha machungwa ya watu.

Tulipokwenda kuomba turudishwe barabarani, Bwana Telesphory alitutolea picha hizo. "Mbona hapa mnacheka?" Mbele kabisa alikuwa Bi Kudra, akimlisha mgeni nanasi kwa ncha ya kisu. Akaichukua ile picha. Alitamani kuirarua, lakini aliyekuwa akicheka pale ni yeye mwenyewe. Akajifunga khanga yake vizuri, akatoka bila kuaga. Leo mwanamke huyo, mwenye shamba lake, analima kibarua kwenye shamba la jirani, na mananasi yake yanaliwa na ngedere.

Juzi tulikutana kupanga mapambo ya kukupokea. Bi Kudra akakataa. "Beseni langu halitoki ndani. Mficha uchi hazai."

Katibu wetu akamwambia, "Shikamoo, bibi. Lakini si tutamtia mgeni aibu?"

"Marahaba. Aibu ni kumfanya mjinga. Huyo mama katoka mbali, mwacheni aone."

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, jana ulitusimulia habari za kwenu. Barabara mpya ilipita kando ya mji, magari yakaacha kuingia, maduka yakapigiliwa mbao madirishani. Kiwanda cha viatu kikafungwa, vijana wakahama. Mkajengewa ukumbi mkubwa wa mikutano, na mikutano haikuja. Tulikusikitikia kweli. Kisha tukarudi majumbani tukakasirika, na hasira hiyo bado tunayo.

Mji unaojua kwa machozi yake kwamba duka likikosa barabara linakufa, umewezaje kuchangia kututoa sisi barabarani? Hamkutuuliza. Mlimuuliza Bwana Telesphory, ambaye hajawahi kuuza hata andazi. Hapo usiruke, Laurean.

OMBI

Tunalo moja tu. Tunataka turudi barabarani, tutengewe eneo letu lenye kivuli na mahali pa basi kusimama bila kumgonga mtu. Jengo hatulitaki; lifanyeni ghala. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wageni tumewapokea wengi, na kupona bado.

Ratiba inasema baada ya risala uvishwe khanga, ngoma ichezwe, ule, uondoke. Tumeibadilisha. Bi Kudra amekuwekea kiti kwenye meza yake. Amekuja na nanasi moja na kisu. Hajalikata, kwa kuwa hulikata mteja akifika. Tunakuomba ukae naye pale mpaka afike mteja wa kwanza. Akifika, ngoma italia na wali utapakuliwa.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, subira, na miguu isiyokufa ganzi.

Ni sisi, Umoja wa Wauza Matunda Mbwawa, wa barabarani.

Imesomwa na Faudhia, katibu.