Mama Chokaa, Aliyejenga Chini Kabla ya Juu

Ijumaa hii, tarehe 29, saa tisa na nusu alasiri, msanifu majengo mwandamizi wa ofisi yetu atarudisha funguo za chumba namba saba. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kumi na tisa. Wasemaji wengine watafupisha na kusema "zaidi ya miaka thelathini". Mimi ni mkadiriaji majenzi. Zile siku kumi na tisa nazo alizifanyia kazi, basi ziandikwe.

Ofisini anajulikana kwa jina lake kamili. Mitaani wanamwita Mama Chokaa, na jina hilo hakulipata bure.

Alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani, mwanamke ambaye hakushika mkasi kabla hajamzungushia mteja futi na kumwamuru akae, ainuke, anyanyue mikono. Hapo ndipo alipopenda vipimo. Chuo kilikuja baadaye kumpa cheti. Tatizo ni kwamba chuo kilimsahaulisha somo la shangazi, akaja kulikumbuka kwa aibu. Jengo lake la kwanza lilikuwa zahanati. Siku ya ufunguzi, wageni wameshaketi, kitanda cha kujifungulia kikaletwa, upana sentimita tisini na tano. Mlango ulikuwa na sentimita themanini. Kikainamishwa, kikageuzwa, kikagoma. Mafundi wakaleta nyundo, hotuba ikasomwa huku ukuta ukibomolewa. Mkunga, mikono kiunoni, akamuuliza: "Mwanangu, hivi ulipokuwa unachora, ulimpima nani?"

Mwingine angemsukumia lawama fundi, au yule aliyeagiza kitanda. Yeye aliliandika kosa lile kwa mkono wake na kulibandika ukurasa wa kwanza wa jalada. Kwenye jengo lililofuata alifika na mfuko wa chokaa. Akachora ramani nzima ardhini kwa ukubwa wake halisi, kila ukuta na kila mlango, kisha akawaita watakaolitumia waingie humo wafanye kama wanaishi: wafungue milango ambayo haipo, wabebe ndoo, wageuke na mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo hajakubali hata choo kijengwe kabla watu hawajakitembelea kwenye chokaa.

Vituko havikukosekana. Mama mmoja alitoka jikoni kwake, jiko la mistari mitupu, hadi bombani, akahesabu hatua thelathini na nne. Akamgeukia mumewe: "Baba watoto, hii ni nyumba au mashindano ya mbio?" Mume alikuwa amejilaza chali chumbani, anapima kama miguu itatosha. Jiko lilihamishwa, hatua zikawa kumi na moja. Mwaka mwingine mvua ilifuta shule ya madarasa manne asubuhi moja. Aliichora upya kesho yake, mafundi wakimtania kwamba ni yeye peke yake ambaye majengo yake husombwa na maji kabla hayajajengwa.

Amechora chini majengo 123. Hamsini na nane kati ya hayo ni ya Jumamosi, siku yake ya mapumziko, bila malipo: vyoo vya shule, zahanati, nyumba za familia zilizounguliwa na moto. Watu walimletea michoro ya kalamu kwenye karatasi za daftari, naye aliipokea kwa mikono miwili.

Kwenye jengo lake la tisa mimi nilikuwa kibarua wa zege. Nilithubutu kumwambia kuwa amekosea hesabu ya mchanga. Nilitegemea kufukuzwa. Akarudia hesabu, akanikabidhi futi, na kwa miaka sita hakuniacha nipumue mpaka nikapata cheti. "Hesabu unazo, ubishi unao. Kilichobaki ni shule tu."

Sasa nisiloweza kulimeza kwa sababu ya sherehe. Nafasi ya mkuu wa idara ilitangazwa mara tatu, mara zote tatu alistahili, na mara zote tatu akapewa mwingine. Yeye hajalalamika. Mimi nalalamika kwa niaba yake.

Halafu miezi miwili iliyopita ukatoka waraka wa mkurugenzi wetu: akishastaafu, uchoraji wa chini ukome, kwa kuwa unachelewesha kila mradi siku mbili. Nilifungua majalada. Kubomoa ukuta na kuujenga tena huchukua wastani wa siku tisa. Katika majengo yake 123, kuta nne zilibomolewa. Katika majengo arobaini ya idara hiihii yaliyoruka chokaa, kuta ishirini na tisa. Ukijumlisha yote, chokaa inatugharimu siku mbili na ushei kwa jengo. Kuikwepa kunatugharimu sita na nusu.

Yeye hakupeleka hesabu. Alimwalika mkurugenzi kwenye ramani ya wodi mpya ya wazazi, muuguzi akamkabidhi kitanda cha magurudumu akisukume, juu yake amelala mhasibu wetu akiwa mgonjwa wa kujitolea. Kwenye kona ya korido mkurugenzi akavuka mstari. "Bosi," muuguzi akasema, "umeingia ndani ya ukuta, na mgonjwa kapasuka kichwa." Mhasibu akapiga yowe la kitaalamu. Mkurugenzi alicheka kuliko sote, na korido ikaongezwa sentimita arobaini papo hapo, kwa saini yake.

Waraka, hata hivyo, hajaufuta. Kila nikimuuliza anajibu, "Tutaona."

Basi na tuone. Jumatatu saa mbili asubuhi idara inachora chini maktaba ya shule ya sekondari. Ratiba nimeiandaa mimi, siku mbili zimo, na sizitoi. Wafanyakazi tisa tumeitia saini. Nafasi ya kumi ni ya mkurugenzi. Karatasi iko mezani kwake.

Dada yetu mkubwa, asante kwa kila ukuta ambao haukubomolewa. Tunakutakia afya, utulivu na miaka mingi mizuri pamoja na wako. Jumatatu usije, hata kuchungulia. Tuachie sisi. Maktaba ikikamilika tutakuita, uingie kama mgeni, uchague kiti, usome.