Vitu Saba Katika Vitrini ya Nasiba

Benchi langu liko Kamembe, ng'ambo ya duka la vitu vya zamani. Mimi ndiye ninayemimina kahawa. Wananiita Maman Larissa. Kila asubuhi huketi wanaume watatu walewale. Sultani tunamwita Directeur, ingawa hajawahi kuongoza chochote. Muhigirwa ni Ciment, kwa miaka ishirini aliyoendesha lori la saruji kule Muganza. Niyitegeka ni Avoka, yaani wakili, maana hajawahi kukosa la kusema. Duka lile lilikuwa la baba yake Sultani. Mzee alipougua, Sultani alikuwa Kigali na hakurudi hadi siku ya mazishi, kwa hiyo familia ikampa ufunguo mdogo wake wa kike, Nasiba. Tangu hapo kaka mtu hunywa kahawa akiuangalia mlango ule, na salamu kwa dada yake ni ya shingo tu.

Duka lilikuwa limejaa hadi darini. Redio za mbao, stempu, sarafu zilizotoboka katikati, kaseti, birika, saa zilizosimama, vyote juu ya vingine. Ukitaka kikombe, uhamishe kwanza masanduku matatu. Mwezi uliopita Nasiba alifunga siku tatu. Alitoa kila kitu, akapangusa, akapeleka nusu chumba cha nyuma, akapanga kilichobaki kwa nafasi. Vitrini, lile dirisha la kioo la mbele, iliyokuwa na vitu mia, ikabaki na saba. Wapita njia wakaanza kusimama. Wengine walivuka mpaka kutoka Bukavu, kule Kongo, kwa ajili ya duka hilo tu.

Benchi likakosa usingizi.

Ciment alisema kwamba Nasiba amefilisika, anaficha aibu kwa kutandaza kidogo alichonacho.

— Bazee balisema haba na haba hujaza kibaba. Ye amekimwaga kibaba chenyewe.

Avoka alikataa. Kwake yeye, bidhaa zimefichwa makusudi ili watu wazitamani, na nyuma ya jambo hilo yuko tajiri wa Bukavu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mujiulize: nani alikuwa mugonjwa?

Siku ya pili wazo lilikuwa limeota miguu. Avoka alidai vile vitu saba ni alama za magendo: redio ikiwa kushoto, njia ya mpaka ni salama, ikiwa kulia, askari wako macho. Ciment alikumbuka kwamba Jumanne redio ilikuwa katikati, wakabishana hadi kahawa ikapoa wakitafuta maana ya katikati.

Sultani hakucheka. Alizungusha kikombe, kisha akasema polepole juu ya baba yake:

— Ile fujo ilikuwa ya papa. Kila kintu alijua fasi yake. Nasiba amemutosha papa mule ndani, amemuondoa, na batu banamusifu.

Nilimjazia Sultani bila kuulizwa. Nilijua kinachomchoma si fujo. Kinachomchoma ni kwamba mdogo wake ameweza.

Alhamisi akaja mwanamke aliyetoka Bweyeye, tope la barabara hadi magotini. Alikunywa kahawa akiwa amesimama, halafu akawageukia.

— Samahani bazee. Mule ndani muko taa ya mafuta, ya kioo cha buluu? Ya mama ilipasuka, na ye anazeeka akiikumbuka.

Ciment alitazama viatu vyake. Mwezi mzima walikuwa wamelizungumzia duka lile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameingia. Mimi pia sikuwa nimeingia, ingawa ndilo ninaloliona kwanza kila asubuhi.

Mwanamke alimngoja Sultani, kwa kuwa ndiye mkubwa.

— Sijue, Sultani alisema. Akaweka kikombe chini. — Twende tuulize.

Wakavuka pamoja. Baada ya muda Nasiba alitokea mlangoni, akaniinulia vidole viwili. Nilipeleka vikombe viwili. Ndani mlikuwa na hewa. Vitu nilivyokuwa nikivijua kama rundo sasa kila kimoja kilikuwa na sura yake. Mwanamke wa Bweyeye alikuwa amekwisha kupata taa yake, anaifunga katika kitenge. Sultani alisimama mbele ya etajeri moja, rafu ya mbao, iliyokuwa tupu kabisa, na sakafuni palikuwa na sanduku lililojaa redio.

— Hii sikuipanga, Nasiba alimwambia. — Papa alikuwa anazipanga na weye. Mi sijue ipi inatangulia.

Sultani alilitazama sanduku. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyejiandaa kugombana akakuta mlango haukufungwa. Kisha akaomba kitambaa, akapiga magoti, akainua redio ya kwanza.

— Ni hii, alisema. — Aliinunua kabla mimi sijazaliwa.

Niliweka kahawa na kutoka.

Kesho yake kwenye benchi walikuwa wawili. Kupitia kioo walimwona Sultani akisogeza redio kidogo, akirudi nyuma kutazama, akisogeza tena, na dada yake kando akicheka. Avoka alisema labda naye ameingizwa katika magendo, lakini alilisema bila nguvu. Ciment alitazama ng'ambo hadi kikombe kikaisha.

— Hata papa yangu, alisema mwishowe, alikuwa na redio.