Andati na Chupa za Mama

Leo hapa Shianda tunamsindikiza kaka yangu, Erasto Andati Osundwa, aliyezaliwa tarehe 14 Mei 1962, kifungua mimba wa marehemu mzee Osundwa na mama yetu Rasoa.

Alisoma Shule ya Msingi ya Shianda, kisha akajifunza ufundi chuoni Sigalagala kuanzia 1981 na akamaliza 1983. Narudia: akamaliza. Mimi mdogo wake nilianzia palepale na bado nasubiriwa. Mwaka 1984 aliajiriwa karani wa mizani ya miwa, na hakuna mkulima aliyewahi kumshawishi asome kilo isiyokuwepo.

Alimwoa Nanjala kanisani Mukumu tarehe 9 Desemba 1989. Miaka miwili baadaye figo za Nanjala zilikufa. Dada yake Awinja akamtolea figo moja, akapandikizwa Nairobi Februari 1992. Mwaka 1994 Nanjala akashika mimba. Daktari hakuwaficha: figo ile ingeweza kugoma, mama na mtoto wakaenda pamoja. Nanjala alimtaka mtoto. Andati alimtaka Nanjala. Alisema hivyo mara moja tu. Lakini kila asubuhi kabla ya kazi alipiga magoti akambonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, basi mguu umevimba, na siku hiyo mizani ilikosa karani, walikuwa hospitalini.

Daktari alikataza dawa yoyote ambayo hakuiandika yeye. Mama yetu naye alikuwa akichemsha mitishamba ya wajawazito, chupa moja kila Jumamosi, na alitaka chupa irudi tupu. Kumkatalia mama, Andati hakuweza. Kumwaga dawa ya mama chini, hakuthubutu. Akainywa mwenyewe, miezi sita. Kazini walishangaa jinsi karani alivyokimbilia choo. Mama alitamba: "Si mnaona chupa? Huyo mtoto atateleza tu!"

Binti yao Raeli alizaliwa kwa upasuaji tarehe 4 Machi 1995, kabla ya wakati, kilo moja na gramu mia tisa. Andati, mtu wa tani, aliomba apimwe tena. Figo ya Awinja ilivumilia, na inafanya kazi hadi leo.

Januari mwaka huu Andati aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Mwezi Juni, akiwa kitandani, alimwambia mama ukweli wa zile chupa. Mama akamuuliza:

"Kwa hivyo mimba ilikuwa yako, Andati?"

"Ndiyo, mama. Na nilijifungua salama."

Mama alicheka mpaka akalia. Jumamosi iliyofuata akaja na chupa. "Hii ni yako. Usimpe mtu." Akainywa kidogo kidogo, akairudisha tupu.

Alifariki Jumanne tarehe 7 Julai 1998, Nanjala akiwa ameushika mguu wake.

Amewaacha mama Rasoa, mjane wake Nanjala, Raeli wa miaka mitatu, shemeji Awinja na sisi ndugu zake.

Kaka, Nanjala uliyeogopa kumzika ndiye anayekuzika. Amesimama hapa kwa miguu yake, na haijavimba. Sasa pumzika kwa amani.