Dada Kioo Anatoka Chumba cha Mbegu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Dada Kioo, mtunza mbegu wa shamba letu la uyoga, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Wengi wenu mtaiona miguu yake leo kwa mara ya kwanza. Msicheke, tumezoea kumwona kuanzia kifuani kwenda juu, kupitia dirisha la chumba chake.

Alianza kama mchumaji, mwenye mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kicheko chake kilisikika banda zima, na msimamizi alichoka kumnyamazisha. Kisha virusi vya uyoga vikaingia. Vitanda vikatoka vipara, na uyoga uliobahatika kuota ulikuwa na shina refu na kofia ndogo kama kifungo cha shati. Dawa hakuna. Virusi hivyo husafiri ndani ya ule unga laini unaodondoka uyoga ukifunguka, na unga hunasa kwenye nguo, nywele, hata kope. Tulitupa kila kitu, tukapuliza mvuke mabandani, na nusu yetu tulishaanza kuulizia kazi kwingine.

Kilichobaki salama ni mbegu mama, ile inayozaa mbegu nyingine zote, katika chupa chache. Ilibidi mtu mmoja akae nazo, asikanyage tena bandani, asile nasi, asitushike mkono. Dada Kioo akasema atashika zamu hiyo kwa wiki chache, mpaka apatikane wa kumpokea. Hakupatikana. Kila aliyeombwa alikuwa na sababu, na kwa kuwa uyoga ulikuwa unaota vizuri, jambo likaishia hapo.

Jamani, tuseme ukweli: ilikuwa kazi ya upweke. Harusi zetu alizipigia vigelegele nyuma ya kioo, tukiona mdomo tu. Siku za keki alitafuna hewa na kujifuta makombo yasiyokuwepo. Tulicheka mpaka machozi, halafu tukaenda kula. Uyoga wenyewe hakuruhusiwa kuupika nyumbani. Na kwa kuwa majirani zake wote ni wachumaji, hata huko alitukwepa. Siku moja alinipigia simu, nami nimesimama upande wa pili wa kioo, akaniambia kicheko chake mwenyewe kimeanza kumshtua.

Virusi havijarudi, na mishahara yetu yote imepitia mikononi mwake. Kabla ya kukabidhi ufunguo alitoa sharti moja, akaling'ang'ania hadi meneja akakubali: chumba kile kisiachiwe tena mtu mmoja. Kuanzia Jumatatu watakuwa wawili, na watapokewa zamu kila msimu.

Zawadi alikataa. Tulipomuuliza basi tumfanyie nini, akasema tumkalishe katikati, si mwisho wa meza. Kwa hiyo sogeeni, bananeni tu. Asante sana, dada yetu. Tunakutakia nyumba yenye kelele na watu wa kula nao.