Mtihani wa Sheria Huisha Saa Ngapi

Kanisa la mtaa lilipofungwa na kugeuzwa ukumbi wa mazoezi ya viungo, mabenchi yake yalitolewa nje kusubiri gari la taka, na moja halikufika mbali. Mpaka leo limeegemea ukuta wa nyumba ya Shemasi Tolliver, mashariki ya Baltimore, kando ya ngazi za marumaru zilizokwisha kulika. Manispaa imekwisha kuliandikia mara mbili ikilitaka liondoke, benchi halijajibu. Hapo hukaa watu watatu na chupa ya kahawa. Shemasi mwenyewe, ambaye kanisa lilipokwenda zake lilimwachia cheo. Jaji, fundi bomba mstaafu aliyewahi kuitwa mahakamani kuwa miongoni mwa raia wa kuamua kesi ya mbwa aliyeng'ata mtu, akarudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana, na tangu siku hiyo hakuna sheria asiyoijua. Na Kaa, ambaye kila Jumamosi huchemsha kaa nyuma ya pikapu yake na kuwauza kwa dazeni. Hiyo ilikuwa Jumamosi, na pikapu ilikuwa kimya. Jiko lake la gesi lina kelele, na siku hiyo mtaa mzima uliagizwa unyamaze.

Sababu ilikuwa ghorofani, nyuma ya dirisha lililoshushwa pazia. Renita, binti wa Shemasi, alikuwa akifanya mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Renita amefika miaka thelathini na tisa, na mingi ya hiyo ameimaliza akiwa karani wa mahakama ya kodi za nyumba, akiwaonyesha watu foleni ya kwenda kufukuzwa. Siku moja akajiuliza kwa nini wenye nyumba huja na wakili na wapangaji huja na watoto. Ndipo yalipoanza haya. Alishajaribu na kushindwa, akajaribu tena, na wenye mtihani hawakubali mtu arudi milele. Walikwisha kumwambia kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho.

Mtihani wenyewe ulifanyika mbele ya kompyuta, na msimamizi ambaye hakuna ajuaye yuko wapi alimtazama kwa kamera. Mtu mwingine akiingia chumbani, umefutwa. Simu haitakiwi ndani, kwa hiyo ya Renita ilikuwa kwenye mfuko wa shati la baba yake.

— Likitokea lolote, Baba, — alimwambia asubuhi, — nimeagizwa nikae palepale mbele ya kamera mpaka wanirudie. Usinifungulie mlango hata nyumba ikiungua.

Shemasi akaapa. Binti alianza saa tatu asubuhi. Sasa ilikuwa inakaribia saa kumi.

— Hivi wenyewe wanasema ni masaa mangapi? — Kaa aliuliza tena. Walikuwa wanabishana kwa kunong'ona, jambo ambalo benchi lile halikuwahi kuliona hata wakati wa msiba.

— Hayafiki matatu, — Shemasi alijibu. — Vipande vinne, kila kimoja dakika thelathini na tano. Katikati unapumzika dakika kumi.

— Hayo ni masaa ya kuandika, — Jaji alisema. — Hujahesabu masaa ya kukaguliwa. Wanakuzungushisha kamera chumba kizima. Chini ya meza. Juu ya dari. Wanakukagua miwani, wanakukagua masikio.

— Masikio ya nini?

— Jibu linaweza kuwa humo.

— Masikio mawili tu, Jaji, — Kaa alisema. — Huyu mtoto ameingia tangu asubuhi. Hata angekuwa na masikio kama gunia la mahindi, wangekuwa wamemaliza.

Shemasi hakucheka. Alitazama juu. Taa ya chumba ilikuwa inawaka nyuma ya pazia, na hiyo ndiyo faraja pekee aliyokuwa nayo tangu adhuhuri.

— Taa inawaka, — alisema.

— Inawaka, — Jaji alikubali, kama mtu anayepitisha hoja. — Mimi nadhani msimamizi amelala. Hawa wanawaajiri watu wa upande wa pili wa dunia, kwa sababu ni rahisi. Huku mchana, kwake usiku wa manane. Amesinzia, na Renita hawezi kusogea mpaka jamaa aamke.

— Acha fiksi.

— Fiksi? Nimekaa mahakamani mimi.

— Ulikaa asubuhi moja, bwana! Tena hata mbwa hukumwona.

— Mimi nawaambieni, — Kaa aliendelea, akijimiminia kahawa, — hakuna maswali humo. Maswali ni danganya toto. Mtihani wenyewe ni kukaa. Sheria ni kazi gani? Kusubiri. Nilifuata leseni yangu ya kuuza kaa miezi minane. Basi wanakukalisha mbele ya kamera, wanakaa kimya, wanakuangalia. Anayenyanyuka, kafeli. Anayekaa mpaka giza, wanampa uwakili. Anayekaa mpaka kesho, wanampa ujaji.

— Basi binti yangu amefaulu, — Shemasi alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. — Huyo ukimwambia kaa, anakaa. Mama yake alipokuwa anaumwa alikaa kwenye kiti kando ya kitanda chake wiki mbili.

Shemasi alijutia kusema hivyo. Alikuwa ameuharibu mzaha wa benchi. Alijiambia kwamba walau yeye alitimiza wajibu wake. Alimwomba mwenye gari la aiskrimu apitie mtaa mwingine na muziki wake. Na mtihani ulipokuwa ndiyo kwanza umeanza, mleta vifurushi mmoja alipobonyeza kengele ya mlango kama anayeita zimamoto, Shemasi aliteremka mbio mpaka chumba cha chini ya nyumba, miguu yake mibovu hivyohivyo, Jaji akimmulikia tochi, akaishusha swichi ya umeme wa kule chini, ambao ndio ulioilisha kengele. Tangu hapo nyumba ilikuwa kimya kama makumbusho. Hilo alilifanya yeye.

Simu ikatetemeka kifuani mwake.

— Tena? — Kaa aliuliza.

Shemasi aliichomoa, akaisogeza mbali na macho. — Namba ya ugenini. Ileile.

— Wale matapeli wa bima ya gari, — Jaji alisema. — Usipokee. Ukisema "ndiyo" tu, wanakurekodi, umeshanunua.

— Renita ana gari?

— Hana, — Shemasi alisema.

— Ndiyo haohao.

Shemasi aliikata, kama alivyokuwa akiikata tangu asubuhi, akairudisha mfukoni. Hakuna mtu mwenye akili zake anayepokea namba asiyoijua. Hilo hata watoto wa mtaa ule wanalijua kabla ya kusoma.

— Wana bidii, lakini, — Kaa alisema. — Wanampenda sana mtu asiye na gari.

Hapo mlango wa nyumba ya pili ukafunguka, akatoka Bi. Ernestine, muuguzi wa zamu za usiku, na kanga ya kulalia kichwani. Nyumba yake na ya Shemasi zimegawana ukuta mmoja, na kwa miaka kadhaa zimegawana mambo mengine ambayo hayajawahi kuzungumzwa rasmi.

— Mbona mnanong'ona kama wezi?

— Shh! Renita yuko kwenye mtihani.

— Mpaka saa hizi? — Aliteremsha sauti. — Basi samahani, Shemasi. Nilikuja kuuliza jambo dogo tu. Intaneti yenu ina nini leo? Nilirudi kutoka kazini asubuhi nikawasha ibada yangu, mchungaji hajafika hata kwenye utangulizi, akakatika. Nikasema nilale, itarudi. Nimeamka, bado. Mmekatiwa?

Jaji alikuwa amefungua kinywa kueleza, maana hajawahi kuulizwa jambo akakosa maelezo. Kikabaki wazi.

Shemasi alikiona akilini kile kisanduku cha intaneti. Alikiona vizuri sana, na vitaa vyake vya kijani, juu ya rafu, kando ya mashine ya kufulia. Mafundi walikifunga kule chini kwa sababu waya ulikuwa mfupi.

— Shemasi? — Bi. Ernestine aliuliza.

Aliinuka bila kujibu. Walisikia miguu yake ikishuka ngazi za ndani, kisha mlio mdogo wa swichi. Waliisikia pia miguu ikipanda, polepole zaidi. Alipotokea alikuwa mzee kuliko alivyoingia.

— Vimewaka, — alisema.

— Basi nenda juu ukamwambie, — Kaa alisema.

— Nimwambie nini?

Kaa alilitazama dirisha la ghorofani.

— Tena huenda wamemrudia sasa hivi, — Shemasi alisema. — Huenda dakika hii wanamtazama. Nikifungua mlango, ndiyo nimemaliza kazi.

— Labda watapiga simu, — Jaji alisema taratibu. — Mtu akikatika, nadhani huwa wanapiga...

Wote wanne walikitazama kifua cha Shemasi.

Akaitoa simu. Ilitaka namba ya siri, na namba ya siri ilikuwa ghorofani, mbele ya kamera, imekaa palepale ilipoagizwa. Kuipigia ile namba ya ugenini haikuwezekana. Kilichowezekana ni kupokea tu.

Aliketi, akaiweka gotini, kioo juu. Kaa aliinamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe alichompa Bi. Ernestine, likatoka tone moja, kisha hewa. Pazia la ghorofani halikutikisika.

— Piga, bwana, — Shemasi aliiambia simu. — Piga basi. Hata kama ni wa bima.