Yustus Rwezaura na Uzito wa Mzigo Wake

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu zetu mliotoka Kamachumu, Mabira na Rugu, na majirani wa Ihanda ambao tangu Jumanne hamjaacha nyumba hii ikae peke yake, wakubwa shikamooni, na wote poleni. Mimi naitwa Athanasi Mbonimpa, shemeji wa marehemu, kaka wa mke wake, na ukoo umenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu mbili, ya kwanza ni kwamba nilimpimia marehemu mzigo wake kwa miaka kumi na minane, na ya pili ni kwamba shemeji ana ruhusa ya kusema mambo ambayo ndugu wa damu huyameza.

Marehemu Yustus Rwezaura alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 huko Kamachumu, Muleba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Gaudiosus na marehemu Mama Eugenia, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Alianza shule mwaka 1955 hapohapo Kamachumu, akamaliza shule ya kati mwaka 1962, na kaka zake walioketi hapa mbele wanasema kwamba tangu wakati huo alikuwa hapendi kubeba kitu, kila somo alilikariri akiwa njiani kurudi ili kesho yake aache daftari nyumbani, nami sikuwepo, lakini kwa jinsi nilivyomjua nasadiki.

Kati ya mwaka 1969 na 1971 alipata mafunzo ya uuguzi na chanjo mjini Bukoba, na tarehe 1 Februari 1972 aliripoti kazini katika zahanati hapa Ihanda, akapewa kazi ya kuzunguka na gari la chanjo. Kazi hiyo ilikwenda vizuri hadi Novemba 1978, vita ilipoanza, gari likaazimwa kwa shughuli za vita na halikurudi, na wenzake wakasema chanjo za vijiji vya mbali zingoje hadi gari lingine lije. Marehemu hakungoja, alijitwika sanduku la barafu akaondoka kwa miguu, na safari ya kwanza ilimshinda, barafu iliyeyuka kabla hajafika Rugu, akarudi na dawa zilizoharibika na magoti yaliyovimba.

Hapo ndipo alipokuja kwangu. Wakati huo nilikuwa karani wa mizani katika chama chetu cha ushirika, msimu wa kahawa ulikuwa umekwisha na mizani ilikuwa imekaa bure, akatandika vitu vyake vyote sakafuni kwenye gunia akaniomba nipime kimoja kimoja. Jumla ilikuwa kilo ishirini na saba, sanduku lenyewe na barafu yake lilikuwa kilo tisa tu, na zile kumi na nane zilizobaki zilikuwa jiko la mafuta ya taa, chupa ya mafuta, sufuria ya kuchemshia sindano, mablanketi mawili, viatu vya pili, daftari kubwa, unga, maharage na mwavuli wa bibi harusi ambao hadi leo hatujui aliutoa wapi. Akaniambia maneno ambayo ameyarudia maisha yake yote, kwamba kila kilo atakayoiacha ni kilo moja ya barafu, na kilo moja ya barafu ni kijiji kimoja zaidi.

Basi akaanza kupunguza, na ndugu zangu, ule haukuwa upunguzaji wa mtu mwenye akili timamu. Jiko aliliacha, akawa anachemshia sindano kwenye mafiga ya watu, unga na maharage aliviacha kwa kuwa nyumba za huku kwetu Karagwe hazimlazi mgeni njaa, daftari aliliacha akawa anaandika kwenye karatasi moja iliyokunjwa mara nane, kijiko alikikata mpini, sabuni aliigawa vipande vinne, na mkanda wa suruali aliukata ncha iliyozidi, nikamwambia, bwana, ukiendelea hivi utafika Rugu bila suruali. Blanketi moja aliliacha nyumbani kwa baba yangu, Mzee Mbonimpa, kule Mabira, lingine akaliacha Rugu, ili asilale baridi na asibebe kitu. Ilipofika Agosti 1979 mzigo wake mbali na sanduku ulikuwa kilo nne na robo, barafu ikaongezwa, na watoto wa Mabira wakachanjwa surua bila gari.

Lile blanketi la Mabira lilikuwa linafuliwa na dada yangu Immaculata Kantengwa, na kila marehemu alipofika alilikuta linanukia jua, naye akaanza kupita Mabira hata katika safari ambazo njia yake haikuelekea huko. Baba yetu alikuja nchi hii mwaka 1960 akiwa mkimbizi, amebeba alichoweza kubeba, alimpenda kijana huyu asiye na mizigo, na tarehe 17 Januari 1981 wakafunga ndoa takatifu, Mungu akawajalia watoto watatu, Placidia mwaka 1982, Pastory mwaka 1985, na Adelgunda mwaka 1988.

Sasa nasoma sehemu ambayo marehemu mwenyewe alituagiza tusiifiche. Mnajua desturi yetu, mgeni haondoki mikono mitupu, na marehemu aliyekuwa ameacha hata mpini wa kijiko alijikuta kila nyumba inamwongezea kuku, viazi na maboga. Juni 1983 kule Rugu, Mama Mukabera, aliyekuwa mjamzito wa miezi saba, alimpa mkungu wa ndizi wa kilo ishirini na zaidi, aliukata mwenyewe na kuufunga mwenyewe kwa kamba ya mgomba, marehemu akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, na alipopita kona akaulaza kwenye nyasi kando ya njia, kwa sababu barafu ilikuwa inayeyuka na vijiji viwili vilikuwa bado vinamngoja. Wanawake waliokwenda kuteka maji waliukuta, wakaitambua kamba, na habari ikamfikia Mama Mukabera kabla jua halijatua.

Tangu hapo kila alipokwenda Rugu hakuna mwanamke hata mmoja wa mteremko anakoishi Mama Mukabera aliyemletea mtoto wa kuchanja, hawakumtukana, waliitikia salamu wakaendelea kulima, naye alirudi na dawa zake bila kujua kosa lake. Surua ilifika Rugu Septemba 1984, na tarehe 22 Oktoba mtoto wa Mama Mukabera, Twagirayezu, alifariki akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. Marehemu alikwenda kuhani, na hapo msibani ndipo mzee mmoja alipomweleza habari za mkungu, akasimama mbele ya watu akakiri kwamba ni yeye aliyeutupa, akaomba radhi, na Mama Mukabera hakumjibu neno.

Baada ya hapo alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba kwamba zawadi yake iwe akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, punje chache zilizofungwa kwenye jani la mgomba, kitu ambacho kinamheshimu mgeni na hakimlemei, na kikiwa kikubwa zaidi wakile pamoja hapohapo kabla hajaondoka. Watu walikubali, mwaka 1986 watoto wa mteremko ule waliletwa wote, na surua haikurudi tena kule kwa namna ile. Lakini kila mwaka, kuanzia Oktoba 1985, alikata mkungu mkubwa kuliko yote katika kibanja hiki cha migomba, akajitwika kichwani, akaenda nao Rugu kwa miguu, nami nilimpa baiskeli akaikataa, hata pikipiki ya chanjo ilipoletwa mwaka 1989 aliiacha imesimama mlangoni. Mikungu kumi na mmoja aliibeba hivyo, niliipima yote, na mdogo kabisa ulikuwa kilo ishirini na tatu. Mama Mukabera aliipokea, akampa akamwani, na hawakuzungumza.

Februari 1996 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, Oktoba ya mwaka huo hakuweza kusimama muda mrefu, mkungu nikaupeleka mimi kwa baiskeli, na niliporudi aliniuliza kama mama yule amesema lolote, nikamjibu hapana. Alilazwa hospitalini mara tatu, mara ya mwisho ikiwa tarehe 18 Agosti 1997, na Jumanne tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, alifariki dunia, mke wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa ameagiza azikwe hapa Ihanda ili ndugu zake wasipate taabu ya kumsafirisha hadi Muleba, na jeneza liwe la mbao nyepesi, nao ndugu wamelikubali hilo kwa uchungu, tunawashukuru.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wafanyakazi wenzake wa zahanati na wachanjaji vijana aliowafundisha kufunga mzigo, jumuiya yetu ndogondogo, na majirani mliopika, mliochota maji na mliochimba.

Na tunamshukuru Mama Mukabera, ambaye jana mchana alifika hapa kutoka Rugu kwa miguu, akaniita kando, akanipa neno la kusoma mbele ya jeneza, kwa kuwa yeye hawezi kulisema. Anasema alimsamehe marehemu tangu ule mkungu wa kwanza aliomletea. Anasema kila Oktoba alipania kumwambia basi, imetosha, na kila mara alishindwa, kwa sababu aliogopa kwamba akishaambiwa amesamehewa hatakuja tena, na katika dunia nzima alikuwa amebaki mtu mmoja tu, mbali na yeye mama, ambaye bado alikuwa anamkumbuka Twagirayezu.

Shemeji, umeambiwa. Tua mzigo sasa, upumzike kwa amani.