Mwalimu Taratibu na Nusu ya Sala Aliyowaachia Watoto

Marehemu ana jina la ubatizo, nalo mtalikuta kwenye msalaba. Akiitwa kwa jina hilo hata yeye mwenyewe alikuwa hageuki. Tunayemzika leo Jumamosi ni Mwalimu Taratibu: mjukuu wa katekista aliyefundisha sala vijiji saba kwa miguu yake, mwana wa fundi seremala aliyeranda mabenchi mliyokalia kanisani asubuhi hii, mwana wa mama aliyefua na kunyoosha vitambaa vya altare miaka ishirini na minane bila kuunguza hata kimoja, na yeye mwenyewe mwalimu wa watu kwa miaka arobaini na mitatu, ambaye shule ilipofungwa na kanisa likafungwa, alikataa kufungwa pamoja nayo.

Alizaliwa Jumanne tarehe 19 Machi 1957, chumba cha nyuma cha karakana ya baba, maana mvua ilikuwa imeezua paa la nyumba. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Dada yake mkubwa alikuwa na umri wa miaka minane, akatumwa kwenda kumwita mkunga, na alipofika huko na kurudi, mtoto alikuwa ameshafungwa kwenye shati la kazi la baba, kichwani ana vumbi la mbao kama aliyepakwa majivu. Alizaliwa mguu wa kushoto mfupi kidogo kuliko wa kulia. Mama hakuona aibu wala hakuruhusu mtu amwonee huruma. Alisema, "Huyu atafika. Atafika tu baada yenu." Watoto wenzake walipokimbia, yeye aliwaita nyuma, "Taratibu jamani, taratibu!" Jina likamganda hapo hapo. Na kweli mwenda pole hajikwai, kwani wale waliomkimbia, wawili walivunjika mikono na mmoja jino, yeye hana hata kovu la goti.

Alianza shule ya msingi ya parokia Januari 1965. Alikuwa mtumishi wa altare, na hapo ndipo alipofanya kisa ambacho familia haijakisahau. Siku moja padre alihubiri kwa muda mrefu, na mtoto kengele mkononi akasinzia. Alipozinduka alidhani ni wakati wa mageuzo ya mkate na divai, akapiga kengele kwa nguvu zake zote, na kanisa zima likapiga magoti katikati ya mahubiri. Padre aliwatazama watu, akamtazama mtoto, akasema, "Haya, nimeelewa," akarudi kwenye kiti chake. Baba alitaka kumchapa. Wanaume wa benchi la nyuma wakamwombea msamaha.

Alimaliza sekondari mwaka 1975, na Desemba 1979 akahitimu chuo cha ualimu cha kanisa. Januari 1980 aliripoti kazini kwenye shule ile ile aliyosoma, darasa lile lile la kona lenye dirisha lisilofunga. Alifundisha kusoma, kuandika na dini. Alikuwa na desturi moja: kila asubuhi aliposhika daftari la mahudhurio hakuita majina haraka haraka kama wengine. Alimwita mtoto, akamtazama usoni, akasubiri aitike vizuri, ndipo akaweka alama. Mkaguzi mmoja alimlaumu kwamba anapoteza dakika kumi na tano. Alimjibu, "Ndugu Mkaguzi, asiyeonwa asubuhi, mchana hafundishiki." Tarehe 31 Desemba 2017 alistaafu, akaagwa kwa saa ya ukutani. Januari shule ilipofunguliwa, mlinzi alimkuta getini. "Umesahau nini, Mwalimu?" "Kipindi cha dini," akajibu, akapita. Sista Mkuu wa shule hakuwa na la kufanya ila kumtafutia kiti.

Jumamosi tarehe 25 Agosti 1984 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, mke aliyempenda kwa moyo wote na aliyembishia kwa mdomo wote. Walijaliwa watoto watatu. Mwenye mdomo ndiye aliyeshika nyumba, na marehemu alilikiri hilo hadharani: "Shuleni mimi ni mwalimu, nyumbani mimi ni darasa la kwanza."

Sasa tufike kwenye lile ambalo limewaleta wengi wenu hapa.

Ijumaa tarehe 20 Machi 2020 shule ilifungwa kwa sababu ya ugonjwa. Sista Mkuu aliwakalisha walimu uwanjani, kiti hapa na kiti kule, akawaambia masomo yatatumwa kwenye simu za wazazi, na wasio na simu wachukue karatasi getini kila Jumatatu. Kisha akasema jambo lililomkosesha marehemu usingizi: "Hesabu watajifunza hata mwakani. Ninachoogopa ni kwamba tukifungua mlango, wapo ambao hawatarudi." Akampa Mwalimu Taratibu kazi ya kutuma sala ya asubuhi kwenye nyumba zote, ili watoto mia tatu na kumi na wanane wajue bado ni shule moja.

Marehemu alikuwa hajawahi kushika simu ya kugusa. Mkewe alimkalisha mezani kati ya vipande vya kitambaa, maana alikuwa akishona barakoa kwa masalio ya sare, akamwonyesha pa kubonyeza. Mwalimu akakohoa, akasema Salamu Maria hadi nusu yake, kama kiongozi anavyosema, kisha akanyamaza, kidole kimeshikilia, akitazama ukuta.

"Baba, mbona umenyamaza?" mkewe akamuuliza.

"Nawasubiri wajibu."

"Nani ajibu? Humu tupo mimi, wewe na cherehani!"

Ndipo akashtuka. Miaka arobaini alikuwa akianza sala na watoto wakimalizia, na ulimi haukujua njia nyingine. Alitaka kuufuta ujumbe, akabonyeza pasipo pake, ukaenda. Nyumba zote zikapokea sala nusu, na kimya, na sauti ya mkewe akitaja cherehani. Baadaye marehemu alidai kwamba alikusudia. Mkewe yupo, aulizwe.

Wazazi walicheka mpaka wakapaliwa. Baba mmoja, fundi magari, akaandika, "Mwalimu, simu yako inameza nusu ya sala. Ilete gereji niitazame." Sista Mkuu naye akampigia: "Mwalimu, ungesali yote tu, watoto wasikilize." Lakini kabla hajajibu, ujumbe ukaingia. Mtoto wa darasa la pili, jogoo akiwika nyuma yake na sufuria zikigongana, alikuwa amejibu ile nusu ya pili, yote, mpaka Amina. Mwalimu aliusikiliza mara tano. Akamwambia Sista, "Nikisali yote, wao watafanya nini? Watanisikiliza kama redio. Mwache anayetaka kuwa shuleni aitike."

Kuanzia siku hiyo alituma nusu tu. Majibu yakaja kwa makumi, ya watoto wenye mafua, wenye chakula mdomoni, wanaogombania simu. Mbele yake aliweka daftari la mahudhurio, na kila sauti aliyoitambua aliiwekea alama. Waliochukua karatasi getini waliitika hapo hapo, wamesimama mbali mbali, na mlinzi akamletea orodha. Asiyesikika siku tatu alifuatwa. Nyumba zilipofiwa bila watu kuweza kukusanyika, sauti za watoto ndizo zilizoingia vyumbani mle. Mama mmoja alisema, "Mume wangu tulimzika watu wanane. Lakini sala zilikuwa mia mbili."

Huyo alikuwa mke wa mwoka mikate. Na sauti ambayo Mwalimu hakuisikia tangu msiba huo ni ya binti yake, wa darasa la sita, mtoto hodari aliyekuwa akimalizia sala kabla ya wenzake. Siku tatu, wiki, wiki mbili, kimya. Mwalimu akasikia kwamba tangu baba afariki, mashine ya kukandia unga nayo imeharibika, na binti anakanda kwa mikono kuanzia alfajiri. Mama yake alikuwa amesema wazi kwamba shule ikifunguliwa huyu harudi.

Mwalimu alivaa barakoa, akaenda dukani kwao taratibu kama jina lake. Akasimama nje ya dirisha la kuuzia. Akasema ile nusu ya sala, akanyamaza.

"Mkate mkubwa au mdogo?" binti akauliza.

"Mkubwa."

Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya nane mkewe alimwambia, "Baba, hata kuku wamekinai. Jana jogoo aliuona mkate akageuka akaenda zake." Akajibu, "Vumilia, mama. Bado hajaitika." Siku ya kumi na moja akasema nusu yake, akanyamaza, na binti akaweka mikono yenye unga juu ya ubao wa dirisha.

"Mwalimu, mimi siwezi."

"Huwezi nini, mwanangu?"

"Pale mwisho. Panaposema saa ya kufa kwetu. Baba alikuwa peke yake. Sisi hawakuturuhusu kuingia."

Mwalimu wa dini wa miaka arobaini hakumhubiria. Hakumwambia asilie, wala hakumwambia ni mapenzi ya Mungu. Alisema, "Basi wewe sema mpaka pale penye 'sasa'. Panapobaki nitasema mimi."

Binti akasema mpaka hapo. Mwalimu akamalizia. Siku hiyo alirudi nyumbani bila mkate, amesahau kuuchukua, na mkewe akajua limetokea jambo.

Asubuhi iliyofuata alituma sala, akaongeza nia: "Leo tuombee mashine ya kukandia unga iliyoharibika dukani kwa marehemu mwoka mikate." Watoto wakaombea mashine. Yule fundi magari akamjibu, "Mwalimu, ombi hilo hata mimi naweza kulijibu." Alikwenda na mkoba wake, akalala chini ya mashine siku mbili, ikanguruma. Mwalimu ndipo akamkabili mama: "Mama, mashine inakanda. Mikono ya mtoto nipe mimi." Mama akauliza, "Mwalimu, na asipofaulu?" "Utakuwa na binti aliyefeli anayejua kuoka. Wangapi wanaye kama huyo?" Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Aprili alipofiwa.

Jumatatu tarehe 5 Oktoba 2020 lango lilifunguliwa. Binti alikuja, viatu vina unga. Kufika Novemba alikuwa akiisema sala yote. Lakini kwenye daftari la Mwalimu, kumi na mmoja hawakurudi. Akaanza kuwafuata mmoja mmoja kwa mguu wake ule ule, sokoni, kwenye majengo, kwa mashangazi. Kwa miaka miwili aliwarudisha wanane.

Mwishoni mwa 2022 aliweka chaki chini, figo zikiwa zimeanza kuchoka. Tangu Mei 2023 alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Wodini aliwaanzishia sala wagonjwa wa pande zote mbili, na mzee mmoja asiye wa dini yetu akamwambia muuguzi, "Mimi simo, lakini huyu akinyamaza sijisikii vizuri nisipomwitikia." Januari mwaka huu madaktari walisema mwili haupokei tena. Hakulalamika. Aliomba kitanda kisogezwe dirishani, akapokea Mpako wa Wagonjwa akiwa na akili zake zote. Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, alipumua mara ya mwisho. Mkewe alikuwa amemshika mkono, watoto wote watatu wapo chumbani, na dada yake mkubwa miguuni. Hakuwa peke yake hata dakika moja.

Ameacha mjane wake mshonaji, watoto watatu (mchomeleaji, muuguzi na mwanafunzi wa uhasibu), wajukuu watano, ndugu wawili waliobaki kati ya sita, wakwe, mashemeji, na wanafunzi ambao tukiwahesabu hatutamaliza kabla ya mvua. Familia inamshukuru Sista Mkuu, madaktari na wauguzi, jumuiya zote, na fundi magari aliyeleta gari la kumbeba bila kuulizwa. Mungu ampe pumziko lile ambalo hapa duniani kila alipopewa alilikataa.

Wengi mtauliza binti wa mwoka mikate yuko wapi, naye alimpenda kama babu. Msimseme vibaya. Alikuwa Misani, akatoka. Ametumwa.

Jumapili iliyopita, tarehe 9, alikwenda kumwona hospitali, na marehemu akampa karatasi.

"Wamebaki watatu," alimwambia. "Majina na nyumba zao zimo humo."

"Lakini Mwalimu, ni miaka mitano. Sasa ni wakubwa."

"Kwani wewe hukukua? Mimi wakiniona wanakimbia, wanadhani nimekuja na fimbo. Wewe ni rika lao. Waambie kuna darasa la jioni parokiani, na Sista anawajua. Anza na huyu wa karibu, anaosha magari kituo cha mafuta. Jumamosi wanafunga saa saba mchana, mwahi kabla hajatoka."

"Jumamosi ipi, Mwalimu?"

"Hii inayokuja."

"Na kama siku hiyo kutakuwa na jambo jingine?"

Alimwelewa vizuri sana. Akamtazama usoni, akasubiri mpaka naye amtazame.

"Hata kama kuna jambo jingine. Wewe nenda."